Data zilizopimwa umeme ukiwa umekatika: kisa cha praktikali ya biokemia

Siku ile umeme ulikatika saa nne na dakika kumi asubuhi. Naikumbuka hata dakika kwa sababu fundi sanifu wetu huandika kila katizo kwenye daftari la jenereta, na jenereta yenyewe siku hiyo haikuwa na dizeli. Wanafunzi wa zamu ya asubuhi walikuwa wamepima mirija miwili, wengine mitatu, kati ya minane. Tukawaruhusu waondoke, tukawaahidi siku nyingine. Siku nyingine haikupatikana. Wiki iliyofuata ripoti zikatua mezani kwangu, zote, na kila moja ilikuwa na vipimo vinane, grafu iliyonyooka kama kamba ya fundi mwashi, na Km, yaani kiwango cha kemikali kinachokifikisha kimeng'enya kwenye nusu ya kasi yake ya juu kabisa, iliyolingana na ile ya kwenye mwongozo hadi desimali ya pili.

Kwanza nilikasirika. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu: nikasahihisha. Mwongozo wa kusahihishia ulisema grafu alama nne, Km sahihi alama nne, hitimisho alama mbili. Grafu zilikuwepo. Km ilikuwa sahihi. Darasa zima likafaulu praktikali ambayo haikufanyika.

Kisa hiki kinatoka kwenye chuo ninachofundisha, nami sitakitaja jina, kwa sababu naamini kingeweza kuwa chuo chochote chenye wanafunzi wengi na mashine chache. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaofundisha biokemia ya kuhudumia idara nyingine, yaani wale ambao darasani mwao kuna daktari mtarajiwa, bwana shamba mtarajiwa na mwalimu mtarajiwa, wote wameshika karatasi ileile na kila mmoja anajiuliza kimoyomoyo inamhusu nini.

Maabara ilivyokuwa

Tunahudumia programu tano: udaktari, sayansi ya maabara za tiba, kilimo, sayansi ya chakula na lishe, na ualimu wa sayansi. Zote zilikuwa zinatumia mwongozo mmoja wenye praktikali sita. Benedict kwa sukari, Biuret kwa protini, mate na wanga kwa iodini, lipidi, kromatografia ya karatasi, na mwishoni ile ya kimeng'enya cha fosfatesi, iliyohesabiwa kuwa ndiyo ya kikubwa.

Nieleze hiyo ya fosfatesi, maana ndiyo iliyopikwa. Unampa kimeng'enya kemikali isiyo na rangi, nitrofenili fosfati. Anaikata, linabaki nitrofenoli, ambalo kwenye hali ya ualikali ni la njano. Unapima njano hiyo kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga uliofyonzwa na rangi, kwa nanomita 405, unapata kasi. Unarudia kwa viwango mbalimbali vya kemikali, kisha unachora grafu ya Lineweaver na Burk, ile ya mwaka 1934, inayogeuza kila namba juu chini ili mchirizi uliopinda uwe mstari. Sasa, kugeuza namba juu chini kuna gharama yake. Kipimo kidogo chenye kosa dogo, ukikigeuza, kosa linavimba. Mwanafunzi aliyepima kweli, kwa pipeti zetu zilizochoka, lazima nukta zake za upande wa kulia zitawanyike kama kuku walioona mwewe. Zile ripoti hazikuwa na nukta hata moja iliyotoka kwenye mstari. Kunyooka kwake ndiko kulikozisuta, na kwenye mwongozo wetu kunyooka ndiko kulikokuwa kunaleta alama.

Benchi moja lilikuwa na wanafunzi kumi na wawili. Mmoja anapipeti, mmoja anaandika, wawili wanabishana kuhusu kipimo cha bafa, myeyusho wa kutuliza uasidi, waliobaki wanapiga picha ubao kwa simu. Spektrofotomita zilikuwa mbili, na moja taa yake inapepesa. Kila muhula kuna mwanafunzi wa kilimo ambaye angeniuliza, kwa adabu zote, "Dokta, hii na mahindi inakutana wapi?" Nami kila muhula nilikuwa na jibu refu lisilomtosheleza.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuomba spektrofotomita zaidi. Niliandika barua nzuri sana. Ilipokaa muda mrefu bila majibu, nikawaita viongozi wa madarasa yote matano ofisini, nikafunga mlango, nikawaambia sitamchukulia mtu hatua, ila nataka kujua ripoti zile zilitoka wapi. Wakatazamana. Mmoja wa lishe ndiye aliyesema, na maneno yake niliyaandika akiwa bado amekaa: "Dokta, jibu wewe unalijua. Na sisi tunalijua, liko kwa kaka zetu wa mwaka wa tatu. Mashine peke yake ndiyo hailijui. Sasa tukikuletea la mashine, unatupa tano."

Sikuwa na la kumjibu. Hata kama barua yangu ingejibiwa na mashine kumi zikaja, tungekuwa na mashine kumi zisizojua jibu ambalo kila mtu chumbani analijua. Nilichohitaji ni swali ambalo kaka wa mwaka wa tatu hana jibu lake kwenye simu.

Kwa nini muhogo

Tulifikiria mambo mengi, tukaangukia muhogo. Sababu ya kwanza ni kwamba biokemia yake iko jikoni kwa kila mtu. Ndani ya seli ya muhogo kuna linamarini, sukari iliyobeba sayanidi mgongoni, imefungiwa kwenye kapu la maji la seli. Kimeng'enya cha kuikata, linamaresi, kinakaa pembeni, kwenye ukuta wa seli. Seli ikiwa nzima, hawa wawili hawakutani. Ukitafuna, ukikuna, ukitwanga, kuta zinavunjika na wanakutana: sukari inakatwa, kinabaki kitu kisichodumu, nacho kinaachia haidrojeni sayanidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi. Mchana wa kwetu, hiyo ni gesi, inaondoka zake.

Bibi anapokwambia kisamvu kitwangwe vizuri kwenye kinu kabla hakijaingia sufuriani, anakwambia vunja kuta za seli kimeng'enya kifanye kazi kabla moto haujakiua. Maana moto ukitangulia, kimeng'enya kinakufa na linamarini, ambayo inavumilia joto, inabaki ndani ya chakula. Nilipolisema hili darasani mara ya kwanza, nusu ya wanafunzi waliangua kicheko cha mtu aliyetambua kitu cha kwao. Katika miaka yote niliyofundisha kanuni ya kasi ya vimeng'enya ya Michaelis na Menten, sijawahi kusikia kicheko cha namna ile.

Sababu ya pili ni kwamba mchezo huu unaua miguu. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla na moja kwa moja, uliandikwa na daktari Trolli mwaka 1938 katika Kongo. Jina ni la Kiyaka, likimaanisha miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 uliwapooza watu zaidi ya elfu moja huko Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ulipiga Tarime. Ukame huupandisha muhogo sumu, na njaa huwafanya watu wafupishe kuloweka na kuvundika. Tena unawapata zaidi wanaokula ugali wa muhogo mchungu bila samaki wala maharage, kwa sababu mwili huiondoa sayanidi kwa kuibandika salfa na kuigeuza thayosayaneti, na salfa hiyo inatoka kwenye protini. Hapo bwana shamba, bwana lishe na daktari wote wana la kusema, wala hakuna anayeweza kulisema lote.

Sababu ya tatu ni njia ya kupimia. Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra, walitengeneza njia ya karatasi ya pikreti isiyohitaji maabara kubwa. Kichupa cha plastiki, unga miligramu 100, kikaratasi chenye bafa na kimeng'enya, maji nusu mililita, na juu yake karatasi ya njano ya pikreti iliyoshikizwa isiguse maji. Unafunika, unaacha mpaka kesho. Gesi ikitoka, njano inageuka kahawia. Unaweza kulinganisha rangi na chati kwa macho, au ukailoweka karatasi kwenye mililita 5 za maji na kupima ufyonzaji wa mwanga kwa nanomita 510. Zidisha kwa 396, umepata miligramu za sayanidi kwa kilo ya unga. Kiwango cha juu cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, kwa unga wa muhogo ni 10.

Wenzangu waliogopa neno sayanidi, na ilibidi tukae tupige hesabu. Unga wenye miligramu 100 kwa kilo, ambao ni mbaya sana, ukichukua miligramu 100 za huo unga, kichupa kizima kina maikrogramu 10 tu. Dozi ya kuua huanzia nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili. Hatari yetu haikuwa kichupani. Ilikuwa stoo.

Fundi sanifu wetu, mzee anayekaribia kustaafu ambaye wanafunzi wote humwita Babu, aliposikia neno pikreti alinyanyuka bila kusema kitu, akaenda stoo ya nyuma, akarudi mikono mitupu. "Dokta, ipo. Chupa ya zamani. Imekauka mpaka mdomoni. Usimtume mtu." Karatasi za pikreti hutengenezwa kwa asidi ya pikriki, nayo ikiwa na maji ni kemikali tu, ikikauka ni baruti, na kule kuzungusha kifuniko chenye chengachenga kunatosha. Tulifunga stoo, tukaita wataalamu wa kemikali hatarishi, na muhula ukasogea bila praktikali. Baadaye tuliagiza myeyusho uliokwisha changanywa na maji, ndio tukatengenezea karatasi. Ninaposikia mtu anasema fundi sanifu ni msaidizi tu wa kuosha vyombo, huwa naikumbuka ile chupa.

Kupokezana

Nilitaka kuwachanganya wanafunzi: kila kundi mtu mmoja wa udaktari, mmoja wa kilimo, mmoja wa lishe na kadhalika. Ofisi ya ratiba ilinicheka. Programu tano zina ratiba tano, na saa pekee ambayo wote wako huru ni Jumamosi jioni.

Basi tukafanya mbio za kupokezana vijiti. Kwa kuwa kichupa lazima kilale usiku kucha, aliyekiandaa leo si lazima awe ndiye atakayekisoma kesho. Jumatatu wa kilimo wanaleta mihogo na unga, wanaandika umetoka wapi, aina gani, umeandaliwaje, wanapima na kufunga vichupa. Jumanne wa maabara za tiba wanasoma. Jumatano wa lishe wanapokea namba, wanachagua unga upi unahitaji kushughulikiwa na kwa njia gani, wanaushughulikia, wanafunga vichupa vipya. Alhamisi wa udaktari wanasoma hivyo vipya, wanapiga hesabu ya sahani: nani akila kiasi gani anapata kiasi gani. Ijumaa wa ualimu wanarudia yote kwa chati ya rangi tu, bila mashine, kama watakavyokuwa kwenye shule isiyo na mashine, wanasema macho yalikosea wapi.

Alama nazo tukazigeuza. Namba yenyewe haina alama. Daftari la maabara lina alama, mradi ukurasa umesainiwa na Babu siku ileile kabla hujatoka mlangoni. Kueleza kwa nini huwezi kuiamini namba yako kikamilifu kuna alama nyingi kuliko vyote.

Wiki ya kwanza iliharibika. Wanafunzi wa kilimo walikuwa wametengeneza linamaresi yao wenyewe kutoka kwenye majani ya muhogo: wameyatwanga na bafa, wakachuja, wakadondoshea kwenye karatasi. Jumanne asubuhi vichupa vyote vilikuwa vya kahawia, hata blanki. Blanki, ambayo haikuwa na unga hata chembe! Zamani hapo mtu angeitupa blanki akaandika sifuri. Safari hii walioikuta hawakuwa ndio walioitengeneza, na hawakuwa na sababu ya kuificha. Ukurasa wa daftari la Jumanne ulikuwa na mstari mmoja mkubwa: "Kilimo mmetuletea nini?"

Kilimo walichanganyikiwa siku mbili. Msichana mmoja ndiye aliyeng'amua, tena akiwa kantini, si maabara: majani yana linamarini nyingi kuliko hata mizizi, na wao walikamua kimeng'enya pamoja na chakula chake. Dawa yake iko kwenye kila kitabu cha biokemia, nami nimeifundisha mara nyingi bila mtu kuihitaji. Unamwagia chumvi ya amonia salfeti mpaka protini zinaganda na kuzama. Linamarini, ambayo ni molekuli ndogo, inabaki juu kwenye maji, unaimwaga. Unayeyusha mashapo kwenye bafa safi. Wiki ya pili blanki ilibaki njano, na nilimkuta yule msichana ameipiga picha akaiweka kwenye stetasi yake.

Jambo la pili ni la wanafunzi wa maabara za tiba na nalitaja kwa urefu kwa sababu sikulitegemea. Gawa 10 kwa 396. Unapata 0.025. Yaani mpaka wote kati ya unga unaoruhusiwa na usioruhusiwa uko kwenye namba ambayo mashine yetu yenye taa inayopepesa inaweza kuitoa ikiwa haina kitu. Kijana mmoja alisoma blanki yake akapata 0.018. Akaitoa kyuveti, kile kichupa angavu kinachoingia kwenye mashine, akaiinua dirishani, akaona alama ya dole gumba. Akaifuta kwa tishu, akairudisha: 0.003. Akakaa kimya akipiga hesabu, kisha akageuka: "Dokta, kidole changu kina miligramu sita za sayanidi." Benchi zima likacheka, lakini baada ya hapo hakuna aliyeshika kyuveti kwenye upande wa kupitisha mwanga. Mimi hilo la kutoshika kyuveti nimelisema kila mwaka. Lilikuwa linaingia sikio hili linatokea lile.

Ikabidi watafute namna ya kutoka pale. Waliamua kupima unga miligramu 200 badala ya 100, hivyo kuzidisha kwa 198, na mpaka ukasogea hadi 0.05. Na kila sampuli mara tatu. Uamuzi huo hawakuupata kwangu wala kwenye mwongozo.

Kisha wakapika data. Ndiyo, hata baada ya yote hayo. Kwenye mzunguko wa tatu kundi moja la Jumanne lilichelewa, likapima sampuli mara moja na kujaza mara mbili zilizobaki kwa akili: 0.112, 0.112, 0.113. Babu alisaini, hakuweza kujua. Ila Jumatano wa lishe walipozipokea, walizikataa. Walikuwa wameshika vichupa wiki mbili, wanajua namba za kweli zinavyocheza. Ugomvi ukahamia kwenye grupu la WhatsApp ambalo nilikuwa nimewekwa kwa bahati mbaya na sijui kama wanakumbuka nimo. "Hizi mmepima au mmetunga?" Majibu ya kujitetea yakaja, ya ukali, kisha kimya, halafu saa tano usiku: "Poleni. Kesho asubuhi tunarudia." Wakarudia. Namba za marudio zilitawanyika vibaya, na wa lishe wakazipokea.

Kama kuna mahali pamoja ninapoweza kunyooshea kidole niseme hapa ndipo kisa kilipogeuka, ni hapo. Mimi nilikuwa nimekemea upikaji wa data miaka nenda rudi, nikiwa peke yangu niliyedanganywa, na mtu hasikii uchungu kumdanganya msahihishaji. Lakini namba ile ilikuwa na mtu anayeisubiri Jumatano ili aitumie, mtu wa rika lao, watakayekutana naye kwenye foleni ya kantini.

Yaliyokwenda kombo

Wa udaktari hawakupenda nafasi yao, na walikuwa na haki. Nilikuwa nimewageuza wahasibu. Hesabu yenyewe ilikuwa nzuri: unga wa miligramu 50 kwa kilo, mtoto wa kilo 15 akila gramu 150 za unga huo, ni miligramu saba na nusu, sawasawa na nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili wake, ukingo wa hatari. Halafu wajadili kwa nini mtoto huyo kwa kawaida hafi: si linamarini yote inayovunjwa tumboni, haiingii yote kwa mkupuo, na ini lina rodanesi, kimeng'enya kinachobandika salfa. Lakini walitaka kushika pipeti. Kiongozi wao alisema, "Dokta, wenzetu wanapima, sisi tunajumlisha."

Mwaka uliofuata nikawapa mate. Mate ya kila mtu yana thayosayaneti, na ukiyaongezea feri nitreti yanakuwa mekundu kama juisi ya rozela. Unapima wekundu huo na kulinganisha na myeyusho unaoujua. Rodanesi yenyewe tulikataa kuipima, maana ingetaka potasiamu sayanidi, na hapo hesabu zetu za usalama zinavunjika. Jaribio la mate lilipendwa mno. Tatizo ni kwamba sayanidi haiko kwenye muhogo tu, iko na kwenye moshi wa sigara. Kijana mmoja alipata namba juu ya wote, na kabla sijasema lolote mtu akapiga kelele, "Kumbe unavuta!" Alicheka pamoja nao, lakini niliona uso wake. Lilikuwa kosa langu: nilikuwa najua kemia hiyo. Siku hizi mirija ina namba za siri na kila mtu anaijua yake tu.

Pia tulipoteza vitu. Benedict, lipidi na kromatografia zimetoka kwenye ratiba. Mwenzangu mmoja anasema tunawatoa madaktari wasioijua Benedict, na tumebishana naye sana juu ya chai. Hoja yake si ya kupuuza: mtihani wa mwisho bado unaulizwa kwa mtaala wa zamani, na baadhi ya wanafunzi waliliona swali la lipidi kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha mtihani. Mimi naona bei hiyo inalipika. Yeye haoni.

Na wapo waliochukia mambo yote haya tangu mwanzo. Wanafunzi wazuri, hasa. Mtu aliyezoea kupata kumi kwa kufuata maelekezo neno kwa neno, ukimwambia hakuna jibu, anaona umemnyang'anya kitu. Binti mmoja alinifuata ofisini akilia. Nilimpa chai. Sikuwa na jibu la kumpa la sayanidi kwa sababu kweli sikuwa nalo.

Fosfatesi imebaki, ila kwa sura nyingine. Nilipekua madaftari ya ile siku ya umeme nikapata vile vipimo vitatu halisi, vilivyoandikwa kwa penseli kabla taa hazijazimika. Sasa kila mwaka nawapa hivyo vitatu na kuwauliza: kwa nukta hizi unaweza kudai nini, na nini huwezi? Wengi hudai makubwa. Hapo ndipo ninapowaeleza kwamba mwaka 1913 Michaelis na Menten walifanya kazi yao kwenye maabara ndogo ya hospitali mjini Berlin, na mojawapo ya mambo yaliyowatofautisha na waliowatangulia ni kwamba waliidhibiti pH, yaani kiwango cha uasidi, vizuri. Jambo la blanki na bafa, kwa ufupi.

Unga wa genge la nje

Jambo la mwisho bado halijaisha. Kundi moja la kilimo lilileta unga lilionunua kwa mama mwenye genge nje ya geti la chuo, anayeuza unga wa makopa. Ulisomeka juu ya kiwango. Wakaurudia mzunguko uliofuata, mfuko mwingine: juu tena. Mtu alitaka kuweka tangazo kwenye grupu, "unga wa mama fulani msile," nikawahi kumzuia. Hatukuwa tumejiandaa kwa hili kabisa. Praktikali za zamani hazikuwa na mama mwenye genge.

Wa lishe walikuwa wamejifunza njia ya kulowanisha, iliyochapishwa na Bradbury mwaka 2006: unachanganya unga na maji, unautandaza mwembamba, kimo kisichozidi sentimita moja, saa mbili juani au tano kivulini, gesi inatoka, sayanidi inashuka mara tatu hadi sita, kisha unasonga ugali siku hiyohiyo. Walikuwa wameipima wenyewe kwenye maabara yetu na kuona karatasi zikififia. Wakaniomba twende.

Tulikwenda wawili wao na mimi. Wakampa shikamoo, wakakaa kwenye ndoo, wakamweleza vizuri kuliko ambavyo ningemweleza mimi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kuna mtu ameanguka kwa unga wake. Tukasema hatujasikia. Akauliza, huo unga ukishalowa, unahifadhika? Wakajibu hapana, unapikwa siku ileile. Akawatazama kama anavyotazamwa mtu aliyeagiza chai kwenye duka la misumari.

"Wanangu, mimi nauza unga mkavu. Huko kulowanisha ni kwa anayepika. Mmemfuata asiyepika."

Wakarudi kimya mpaka getini. Jumatano ile daftari lao lilikuwa na ukurasa mzima kuhusu jambo hilo, na Babu aliusaini. Ijumaa wa ualimu waliupokea, na sasa wanaandika nusu ukurasa wa maelezo, wenye mchoro wa sinia na jua, wa kubandikwa kwenye mifuko. Mama amesema ataubandika akishausoma kwanza, na kwamba herufi ziwe kubwa.